Silinda ya Tatu

Nilikuwa na masinia manne ya biriani ya watu,
harusi ya Jomvu, saa saba kasorobo,
na mshale wa joto ulipopanda pale Makupa
niliuona.
Fundi Ngumbao aliponiuliza
nikamwambia sikuuona.

Sasa Proboksi imepasuliwa tumbo gerejini kwake Mikindani.
Hedi imelazwa juu ya gunia,
Katana anaifuta kwa petroli huku akipiga mluzi
kana kwamba si pesa ya mtu.
Ngumbao analaza rula ya chuma, anainama, ananiita:
"Waona mwanga?"
Nauona. Uzi wa mwanga chini ya rula,
mahali ambapo mwanga hauna kazi.
"Tia kidole hapo, silinda ya tatu."
Nikatia. Mkwaruzo, mrefu, wenye kina.
Nimepika miaka kumi na tisa,
chombo kilichoungua kwa ndani sihitaji kuelezwa.
Utasugua kwa majivu, utasugua kwa ndimu,
wali wa kesho utasema.

Njia ni mbili, asema,
akijipangusa kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yake.
Tuifumue: bloku iende kwa mkerezaji,
slivu, pistoni, ringi, beringi, gasketi,
elfu tisini na kitu,
wiki tatu, stima isipokatika.
Au tununue nyingine, ya kontena, kutoka Japani,
elfu mia na kumi, kazi ya siku mbili,
dhamana siku saba.
Siku saba! Achari yangu hukaa mwaka.

Shemeji yangu Twalibu, asiye na gari,
ndiye mwenye maoni mengi:
"Zimwi likujualo. Fumua hiyo hiyo."
Binti yangu Saumu hakusema neno.
Alichukua risiti ya mchele, akaigeuza,
akaandika tuktuk ya kila siku, elfu moja na mia mbili,
mara siku ishirini na moja,
akanisogezea karatasi:
"Mama, hiyo rahisi ndiyo ghali.
Na 'kitu' sijakihesabu, sikijui."

Usiku sikulala vizuri.
Hii yangu nayajua maradhi yake,
hukohoa mara mbili alfajiri ndipo iitike.
Hiyo ya kontena aliiendesha nani?
Na kama naye siku moja aliuona mshale,
akaangalia saa,
akapita?

Asubuhi nikamwambia Ngumbao: "Niliuona."
"Najua," akasema. "Hedi haipindi kwa dakika mbili."
Hakuinua hata kichwa.

Tukaenda Shimanzi.
Injini zimepangwa juu ya mbao, zimefungwa nailoni,
kila moja na maandishi ya rangi nyeupe nisiyoweza kusoma.
Haidari, mwenye duka: "Chagua, mama, zote nzuri."
Ngumbao akafungua kizibo cha oili, akanusa,
akafungua cha pili, akanusa, akakunja uso,
kwenye cha tano akatia kidole, akakitazama juani.
"Mwenye hii alikuwa mwoga.
Akibadilisha oili kabla ya wakati."
Nikasema: nipe ya mwoga.

Ile ya zamani tuliiuza kwa kilo.
Mwenye mizani akatoa kilo mbili, ati ni oili,
na mimi niliyetoa elfu mia na kumi bila kupepesa
nikasimama pale nusu saa
nikigombea kilo mbili.
Kisha jalala la logibuku, namba mpya,
foleni, picha, foleni nyingine.

Ijumaa nikapita Makupa na sambusa mia tatu.
Mshale ukakaa katikati, umetulia.
Nikaegesha hata hivyo.
Nikashuka, malori yakinipigia honi nyuma,
nikaweka kiganja juu ya boneti
kama mtu anayepima homa ya mtoto
asiye wake bado.